Uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road: utasalia, na kwa faida ya nani?

Mkaaji wa Dagoretti

Ndugu zangu, naomba mnisaidie kulifikiria jambo ambalo limenikaa kichwani tangu Jumapili mbili zilizopita. Nilimpeleka binti yangu wa miaka tisa katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, hapa Nairobi, kwa sababu alikuwa hajapata kumwona farasi akikimbia ila kwenye televisheni. Yeye alifurahi kupita kiasi. Mimi nilirudi nyumbani na simanzi ambayo sikuitarajia, kwani mara ya mwisho nilipofika pale nilikuwa nimeshikwa mkono na mjomba wangu, na nakumbuka tulipenya katikati ya watu ili tuufikie uzio. Safari hii tulikaa tulipotaka. Viti vilikuwa vitupu safu kwa safu, mbio moja ilikuwa na farasi watano tu, na wengi wa waliokuwapo walikuwa chini ya miti na vikapu vyao vya chakula, wameupa uwanja mgongo.

Nyuma yetu walikaa mabwana wawili waliokuwa wakizungumza kwa sauti ya kusikika. Mmoja alisema kwamba ardhi kubwa namna hii, iliyo kati ya Ngong Road na Southern Bypass, haiwezi kuachiwa farasi milele, na kwamba anayedhani vinginevyo haijui Nairobi. Mwenzake hakubisha, na mimi pia nilishindwa kupata la kumjibu moyoni.

Najua kwamba mbio za farasi zimekuwapo Nairobi tangu mwaka 1904, na kwamba uwanja huu wa sasa ulianza kutumika mwaka 1954, baada ya mbio kuhamishwa kutoka upande wa mashariki ya jiji. Kumbe basi uwanja ulikwisha kuhama mara moja, na kilichobaki kule ni jina la barabara, Race Course Road, ambalo makondakta wa matatu hulitaja kutwa bila mtu kuuliza farasi walikwenda wapi. Ninachouliza ni hiki: uwanja wa namna hii hufa vipi hasa? Hufa kwa amri ya serikali, kwa kuuzwa, au kwa kuachwa polepole mpaka siku moja hakuna anayeuhitaji? Na sisi tusiomiliki farasi wala si wanachama wa klabu, tuna sauti gani katika jambo hilo?

Saisi Mstaafu

Ndugu Mkaaji, salaam. Nimefanya kazi ya usaisi kwa miaka ishirini na minane, na miaka mingi kati ya hiyo nilikuwa katika mabanda ya hapo hapo Ngong Road, kwa hiyo nitakujibu kwa upande ninaoufahamu, ambao si upande wa ardhi bali wa farasi.

Uwanja wa mbio haufi siku geti linapofungwa. Huanza kufa asubuhi, saa kumi na moja na nusu, wakati ambapo mtazamaji hayupo. Zamani, kabla jua halijatoka, farasi walikuwa wanatoka mabandani kundi baada ya kundi, ukungu umetanda juu ya nyasi, na humwoni farasi bali unasikia pumzi yake na kwato zake kabla hajakufikia. Wakirudi, kila saisi anamshika wake, anamwagia miguu maji baridi kutoka goti mpaka kwatoni, anakwangua udongo ndani ya ukwato kwa kile chuma kilichopinda, kisha anampapasa mshipa wa nyuma wa mguu kwa vidole viwili akitafuta joto. Joto pale ni habari mbaya. Farasi akigoma kula usiku, saisi ndiye wa kwanza kujua, kabla ya mkufunzi na kabla ya daktari wa mifugo. Miaka ya mwisho ya kazi yangu niliona makundi ya alfajiri yakipungua, na banda lililokuwa na farasi kumi na wawili likawa na wanne, huku vyumba vilivyosalia vikawekwa nyasi kavu na mikokoteni iliyovunjika.

Sababu yake si siri kwa aliyeishi ndani. Kumtunza farasi wa mbio ni gharama ya kila siku, akikimbia asikimbie: chakula, misumari na vyuma vya kwato, dawa, mshahara wa saisi, ada ya mkufunzi. Zawadi za ushindi hutegemea wadhamini na fedha za wanaocheza kamari uwanjani. Watu wakipungua, dau hupungua. Dau likipungua, zawadi huwa ndogo. Zawadi ikiwa ndogo, mwenye farasi watatu humbakiza mmoja. Na farasi wakiwa watano katika mbio, nani ataweka fedha zake wakati kila mtu anajua nani atashinda? Zaidi ya hayo, kijana wa leo anayetaka kubashiri hana haja ya kupanda gari mpaka Ngong Road. Anabashiri mpira wa Uingereza akiwa kitandani, kwa simu, na fedha zinatoka M-Pesa. Kisha ikaja corona mwaka 2020, mbio zikasimama, lakini farasi haachi kula kwa sababu kuna ugonjwa wa watu. Wako wenye farasi walioondoka kipindi kile na hawakurudi tena.

Nakuomba usidhani kwamba nalalamika tu. Mbio bado zipo, na wapo vijana wanaopanda vizuri kuliko wale tuliowasifu sisi. Ila uliuliza uwanja hufa vipi, na hivyo ndivyo nilivyouona ukidhoofika.

Mpangamiji

Nashukuru kwa maelezo ya Mzee Saisi, maana wengi wetu tunaozungumzia ardhi hatujawahi kuyafikiria mabanda. Nitaongeza upande wa sheria na wa miji mingine.

Tuanze na swali la sauti. Nchini Kenya, mwenye hati ya kipande cha ardhi hawezi kukibadilisha matumizi kwa kuamua tu. Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, ni lazima aombe kibali kwa serikali ya kaunti, na ombi hilo litangazwe ili wananchi wapate kutoa maoni au pingamizi. Mradi mkubwa wa ujenzi unahitaji pia tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo hupitia NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira. Upo vilevile mlango wa urithi: Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kulitangaza jengo au mahali kuwa urithi unaolindwa. Kwa hiyo Mkaaji ana sauti hata kama hana uanachama. Tatizo ni kwamba sauti hiyo ina muda maalumu, na tangazo huchapishwa gazetini katika ukurasa ambao hakuna anayeusoma akiwa na kikombe cha chai mkononi. Watu huanza kupiga kelele wanapoyaona mabati ya uzio, na wakati huo mengi yamekwisha kuamuliwa.

Sasa miji mingine. Singapore ilikuwa na mbio za farasi kwa miaka 180 na zaidi, na uwanja wao wa mwisho, wa Kranji, haukuwa gofu la zamani bali ni mjengo wa kisasa. Mwezi wa Juni mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba inahitaji ardhi ile, zaidi ya hekta 120, kwa ajili ya makazi na matumizi mengine, na mbio za mwisho zikakimbiwa tarehe 5 Oktoba 2024. Watazamaji walikuwa wamepungua kwa miaka mingi, kutoka wastani wa watu 11,000 kwa siku ya mbio mwaka 2010. Hiyo ndiyo ile njia ya amri aliyoitaja Mkaaji, lakini tazameni kwamba amri ilikuja baada ya viti kuwa vitupu, haikutangulia.

Mumbai wamekwenda njia nyingine. Uwanja wa Mahalaxmi ulifunguliwa mwaka 1883 na uko katikati ya jiji ambalo halina pa kupumulia. Mkataba wa kukodisha ardhi ulimalizika mwaka 2013, na kwa zaidi ya miaka kumi mbio ziliendelea huku mkataba mpya ukibishaniwa. Mwaka 2024 walifikia mapatano: kati ya ekari 211, ekari 120 zinakuwa bustani ya umma na ekari 91 zinabaki kwa klabu ya mbio kwa mkataba wa miaka 30. Wapo wanaoona kwamba klabu ilinyang'anywa, na wapo wanaoona kwamba bustani ni njia ya kupitishia ujenzi baadaye. Mimi naona jambo moja la kujifunza hapo, nalo ni kwamba klabu ilipofika mezani ilikuwa bado na mbio zenye uhai, na kwa hiyo ilikuwa na kitu cha kukitetea. Kama wangesubiri mpaka farasi wawe watano, sidhani kama wangepewa hata ekari kumi.

Kwa Ngong Road, tusisahau majirani. Msitu wa Ngong Road, ambao uwanja huo unapakana nao, umemegwa mara nyingi tangu ulipotangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932, na sehemu ilikatwa tena kwa ajili ya Southern Bypass. Upande wa Jamhuri kumeinuka uwanja wa Talanta wa watazamaji 60,000 kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Kila mradi wa aina hiyo huipandisha bei ardhi iliyo karibu, na bei ikipanda, mwenye subira hupungukiwa na subira.

Mzawa wa Kariokor

Nimewasoma wote kwa heshima, na hasa Mzee Saisi, lakini naona tunaomboleza kabla ya kuuliza tunamwombolezea nani. Mimi nimezaliwa jirani na ile Race Course Road. Babu yangu aliufahamu uwanja wa zamani, na hakuufahamu kama mtazamaji. Aliufahamu kama mtu aliyekuwa akisubiri nje kumshika farasi wa bwana. Mbio hizi zililetwa na walowezi, zikaendeshwa kwa ajili ya walowezi, na Mwafrika aliruhusiwa kuingia akiwa na ndoo na brashi. Tukisema ni urithi wetu, tuseme pia kwamba kwa nusu karne tulikuwa upande gani wa uzio.

Kila makala inayoandikwa kuhusu uwanja wa Ngong Road humtaja Beryl Markham, na ni kweli kwamba alikuwa mkufunzi hodari. Farasi wake Wise Child alishinda mbio za St Leger ya Kenya mwaka 1926, miaka kumi kabla yeye mwenyewe hajavuka bahari ya Atlantiki peke yake kwa ndege kutoka Uingereza, na uzeeni aliishi katika nyumba ndogo karibu na uwanja huo mpaka alipofariki mwaka 1986. Hadithi nzuri. Lakini nani alimshika Wise Child asubuhi ile, nani alimpapasa mshipa wa mguu kwa vidole viwili? Jina lake halimo popote. Ninyi mnaotaka ulinzi wa urithi, ni urithi wa nani mtakaouandika kwenye kile kibao?

Msinielewe vibaya. Sitaki nyumba za ghorofa pale, maana najua zitakazojengwa hazitakuwa za watu wa Kariokor. Ila kama mbio zikifa zenyewe, nyasi zile zifunguliwe geti, watoto wa Kibera, Kawangware na Dagoretti wacheze mpira. Mimi hilo halitaninyima usingizi.

Mtu wa Tanga

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Huku kwetu swali hili halipo, na sababu yake ni mdudu. Sehemu kubwa ya Tanganyika ilikuwa chini ya mbung'o, na farasi akiumwa na mbung'o mwenye vimelea hadumu. Ndiyo maana hata wasafiri wa karne ya kumi na tisa walipagaza mizigo watu badala ya wanyama. Farasi walistahimili zaidi katika nyanda za juu zenye baridi, kama hizo zenu za Nairobi, Njoro na Nakuru. Kwa hiyo uwanja wenu haukuwapo pale kwa sababu ya matakwa ya walowezi peke yake. Hali ya hewa nayo ilikuwa na kauli.

Lakini hata huko juu kuna ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoenezwa na visubi, na ambao pundamilia huubeba bila kuonyesha dalili. Kwa sababu ya ugonjwa huo, nchi za Ulaya hazipokei farasi moja kwa moja kutoka Kenya. Nalitaja hili kwa sababu linagusa hoja ya Mzee Saisi: mfugaji wa Kenya akipata farasi wa ajabu, hawezi kumpeleka sokoni Ulaya kirahisi. Farasi wake ana soko la uwanja mmoja tu, na uwanja huo ukifungwa, ufugaji wote umekwisha. Nijuavyo mimi, zamani mbio zilikuwapo Nakuru na Limuru pia. Sasa mayai yote yamo katika kapu la Ngong Road.

Kwa ndugu wa Kariokor, nina mfano wa kisiwani Morisi. Uwanja wa Champ de Mars uliopo Port Louis ulianza mbio mwaka 1812, chini ya Waingereza ambao walikuwa wametoka kukiteka kisiwa kwa Wafaransa. Hakuna mwanzo wa kikoloni kuliko huo. Hata hivyo, tarehe 12 Machi 1968, bendera ya Morisi huru ilipopandishwa kwa mara ya kwanza, ilipandishwa hapo hapo katikati ya uwanja wa farasi, mbele ya umati. Hadi leo ukiwa Port Louis siku ya mbio, utamkuta mwenye duka, dereva wa basi na mwanasheria wamebanana kwenye uzio mmoja, na wote wana maoni kuhusu farasi namba nne. Wao nao wamekuwa na magomvi makubwa miaka ya karibuni kuhusu nani aendeshe mbio, lakini sijasikia mtu wa kawaida akisema uwanja ule si wake. Tofauti kati yao na ninyi haiko katika asili ya mchezo. Iko katika nani aliyekaribishwa ndani baadaye, na mapema kiasi gani.

Saisi Mstaafu

Namjibu ndugu wa Kariokor, kwa kuwa amegusa pangu. Uliyoyasema kuhusu ndoo na brashi ni kweli, na baba yangu angekuunga mkono. Lakini ukifika leo utakuta wapanda farasi wengi ni Wakenya weusi, baadhi yao watoto na wapwa wa masaisi, na wakufunzi wazalendo wapo. Hawakupewa nafasi hiyo na mtu. Waliingia kwa sababu walimfahamu farasi kuliko mwenye farasi. Ndiyo maana inaniuma kusikia kwamba mbio zikifa zenyewe basi si neno. Zikifa sasa, zitakuwa zimekufa mikononi mwetu, muda mfupi baada ya kutufikia.

Kuhusu watoto kucheza mpira, sina ubishi. Katikati ya njia ya mbio mna uwanja wa gofu wa mashimo tisa, na magari ya kale huonyeshwa pale kila mwaka kwenye Concours d'Elegance. Kama gofu na magari yana nafasi, mpira haukosi kona yake. Mimi ningeomba kitu kidogo kuliko sheria ya urithi: shule za jirani ziletwe mabandani asubuhi ya siku ya kazi, watoto kumi kumi, wafundishwe kumlisha farasi kwa kiganja kilichonyooshwa.

Mkaaji wa Dagoretti

Ahsanteni sana. Nimeambulia zaidi ya nilichokuja kukitafuta. Ndugu wa Kariokor, umenifanya nimpigie mjomba simu. Ana miaka themanini na mmoja sasa, na nilimuuliza kwa nini alikuwa akinipeleka kule utotoni. Akanijibu kwamba rafiki yake alikuwa saisi, na kwamba walikuwa wakimpungia mkono farasi alipopita, si mpandaji. Jina la rafiki yake analikumbuka, nami nimeliandika.

Mpangamiji, nina swali moja la mwisho: nikitaka kujua ardhi ile imeandikishwa kwa nani na kwa muda gani, naanzia wapi? Na Mzee Saisi, binti yangu ananiuliza farasi wenyewe huenda wapi wanapoacha kukimbia.

Mpangamiji

Anza na upekuzi rasmi kupitia Ardhisasa, mfumo wa serikali wa kumbukumbu za ardhi mtandaoni uliozinduliwa mwaka 2021 ambao uliianza kazi hapa hapa Nairobi. Utahitaji namba ya kipande, na ada yake si kubwa. Matokeo yatakuonyesha mwenye hati, aina ya umiliki, na kama kuna deni au zuio lililosajiliwa. Jihadhari na jambo moja: eneo kubwa kama hilo huenda likawa na vipande zaidi ya kimoja, na kipande kidogo cha pembeni ndicho ambacho mara nyingi hukatwa kwanza bila kelele. Omba vyote. Kisha jenga mazoea ya kusoma matangazo ya kaunti kila wiki, hata kama yanachosha.

Saisi Mstaafu

Mwambie binti yako kwamba walio wazima huenda kufundishia watoto kupanda, au katika mchezo wa polo, na wengine hurudi mashambani. Wako wasiobahatika, na hilo utamwambia akikua. Wa mwisho niliyemtunza, dume aliyehasiwa mwenye rangi ya hudhurungi, yuko katika shule ya kupanda farasi upande wa Karen. Kazi yake sasa ni kuzunguka polepole akiwa amebeba watoto wanaoogopa. Nilimtembelea mwezi uliopita. Alininusa mfukoni palepale nilipokuwa nikimwekea karoti zamani.

Siku ya mbio ijayo njooni mapema, kabla ya mbio za kwanza, msiende moja kwa moja kwenye viti. Simameni pale wanapozungushwa kabla ya kutandikwa, nami nitakuwa kwenye kona iliyo karibu na mti mkubwa, nimevaa kofia ya kijani.